Jinsi ya kupata kiti cha raia kwenye bodi ya Smithsonian

Kiti hiki hakipatikani kwa kujaza fomu ya maombi. Smithsonian, taasisi ya makumbusho iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1846, inasimamiwa na bodi ya watu 17: Makamu wa Rais, Jaji Mkuu, maseneta 3, wajumbe 3 wa Baraza la Wawakilishi na raia 9. Raia hao huteuliwa na Bunge lenyewe, kwa azimio la pamoja. Kwa hiyo kazi yako ni kulifikisha jina lako kwa watu wanaoweza kuliwasilisha bungeni.

Kabla ya kuandika barua yoyote, angalia unaishi wapi. Kati ya raia 9, sheria inataka 2 wawe wakazi wa jiji la Washington na 7 watoke kwenye majimbo, wala wawili wasitoke jimbo moja. Kama mkazi mwenzako wa Texas ameanza juzi muhula wake wa miaka 6, huna nafasi hata uwe na wasifu wa kutisha. Ukiwa mbunge pia huwezi. Viti hivi si vyenu.

Ukiona kiti kinakaribia kuwa wazi, andaa wasifu mfupi na barua inayosema utaisaidia bodi kwa lipi: fedha, sayansi, sanaa, sheria, uchangishaji. Mapenzi ya makumbusho peke yake hayatoshi, kila anayetaka kiti anayo. Taja mapema biashara au uhusiano wowote unaoweza kuleta mgongano wa maslahi. Bodi ina kamati yake inayoshughulikia uteuzi, na hiyo ndiyo ya kuiandikia. Mbunge au seneta wako akikuunga mkono ni vizuri, ila wenye uzito zaidi ni wale 6 ambao tayari wamo kwenye bodi, kwani ndio ambao kwa kawaida hupeleka azimio.

Ukipendekezwa, azimio lenye jina lako hupitia kamati ya kila baraza (katika Seneti ni Kamati ya Kanuni na Utawala), likapigiwa kura, kisha likaenda kwa Rais kutiwa saini kama mswada mwingine wowote. Hapa pana mtego: Bunge hubadilika kila baada ya miaka 2, na azimio ambalo halijapita hufa na Bunge hilo. Itabidi liwasilishwe upya.

Soma tarehe iliyomo ndani ya azimio. Mara nyingi muhula huanza siku ya saini au siku kiti kinapokuwa wazi, ile itakayochelewa. Ukitaka muhula wa pili, linahitajika azimio jingine. Mshahara hakuna, utarudishiwa nauli na gharama halisi za kuhudhuria vikao.