Kuugeuza Utando wa Hariri kwa Ethanoli: Mwongozo wa Benchi la Malindi

Utando mpya wa hariri hubanduka kwenye sahani ukiwa mwangavu kama kioo, lakini ukitumbukizwa katika glasi ya maji huyeyuka ukiutazama. Mwongozo huu unahusu hatua inayouzuia usiyeyuke, yaani kuulowesha katika ethanoli.

Matayarisho nayapitia upesi. Vifuko vya kiwavi wa kufugwa, Bombyx mori, huchemshwa kwa nusu saa katika maji yenye sodiamu kaboneti, ambayo ni ndugu wa karibu wa magadi ya dukani, ili kuondoa gundi iitwayo serisini, inayokaribia robo ya uzito wa kifuko. Nyuzi zinazobaki ni fibroini, protini yenyewe ya hariri. Huyeyushwa katika lithiamu bromidi ya molari 9.3 kwa nyuzijoto 60, chumvi ikaondolewa kwa siku mbili kwa mfuko wa dialisisi, unaopitisha chumvi na kubakiza protini, kisha myeyusho ukamiminwa sahanini ukauke. Vifuko vya nondo wa mwituni wa msitu wa Arabuko-Sokoke viacheni kando, kwa kuwa hariri ya jamii hiyo imeundwa tofauti na kwa kawaida hukataa kuyeyuka hivi.

Katika utando mpya, minyororo ya fibroini imejisokota ovyo kama uzi uliofumuka. Sehemu yake kubwa ni asidi-amino mbili, glisini na alanini, zinazopishana, vijipande vidogo vinavyoweza kulaliana kwa karibu sana vikipata nafasi. Ethanoli huyavuta maji yaliyonasa katikati, minyororo ikanyooka na kulala ubavu kwa ubavu, ikashikana kwa vifungo vya haidrojeni na kujenga fuwele ndogo ziitwazo shiti za beta. Maji hayawezi kuzipenya fuwele hizo, hivyo utando huvimba kidogo tu bila kuyeyuka.

Tumia ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, wala si ile tupu. Mimi nilidhani tupu ndiyo kali zaidi, nikapata utando mgumu kwa juu ambao ndani uliteleza kama bamia ulipotiwa majini. Maji yale machache ndiyo yanayoilegeza minyororo isogee kabla ya kushikana. Methanoli hutumika sana maabara na hufanya kazi haraka, lakini hupofusha na kuua, nami sioni haja ya kuiweka mezani ilhali ethanoli yatosha.

Loweka kwa dakika 30 hadi saa moja, sahani ikiwa imefunikwa na mbali na moto. Utando husinyaa na kukunja kingo. Ubane kati ya vioo viwili unapokauka. Tarajia pia uwe mkavu na mwepesi kuvunjika.

Ili kuhakikisha, pima uzito wa kipande kikavu, kiache majini kwa siku nzima, kikaushe, upime tena; uzito usipopungua sana, utando umegeuka. Ukipata kipimo cha mwanga wa infraredi, kilele cha protini kilichokuwa karibu na 1,645 kwa sentimita huhamia karibu na 1,625.

Kipande cha kulinganishia, kisichoguswa na ethanoli, kitunze katika chupa iliyofungwa pamoja na chembe za kufyonza unyevu. Kikiachwa rafuni hapa Malindi wakati wa masika, mvuke wa hewani hujenga shiti za beta polepole, nacho kitakataa kuyeyuka vilevile, ukaisifu ethanoli kwa kazi iliyofanywa na unyevu.