Mistari myeupe kwenye karatasi: usikimbilie katriji mpya

Printa ya wino ikianza kuruka mistari, mara nyingi wino upo, ila umekaukia kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, hasa kama mashine imekaa wiki kadhaa bila kazi. Chapa kwanza ile karatasi ya majaribio iliyo kwenye menyu ya matengenezo, uone ni rangi ipi inayokatika. Kisha safisha kichwa kwa menyu hiyohiyo mara moja, mbili, basi. Ukirudia mara kumi unamwaga wino bure, na wote unaishia kwenye sponji ya taka ndani ya mashine, ambayo nayo hujaa.

Bado? Iache ilale, ujaribu tena asubuhi. Mimi imeniokoa zaidi ya mara moja.

Kama katriji yako ina kichwa chake chenyewe, ikandamize taratibu, matundu yakiangalia chini, juu ya kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, mpaka wino uache alama. Vile vidoti vya shaba ubavuni usiviloweshe.

Na printa izimwe kwa kitufe chake, si ukutani. Ukikata umeme ghafla, kichwa hakirudi kwenye kifuniko chake, kinabaki wazi kikikauka.