Kusakinisha programu ya kusomea PDF kwenye Linux bila kuunguza bando

Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaotumia kompyuta za mezani zenye Ubuntu au Linux Mint: wenye steshenari pale Chikongola, Mtwara, walimu wanaochapa mitihani, na makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wa Newala na Tandahimba, ambao msimu wa korosho ukianza hawana muda wa kuhangaika na fomu isiyofunguka. Intaneti yetu ni ya kununua kifurushi kwa kifurushi, kwa hiyo kila hatua hapa nimeipanga kwa kuangalia nini kinapakuliwa na kwa nini.

Mfano wangu ni Master PDF Editor ya kampuni ya Code Industry. Hatua ni zilezile kwa programu nyingine yoyote ambayo mtengenezaji anaitoa mwenyewe kama faili la .deb (kifurushi cha kusakinishia programu), nje ya hazina ya Ubuntu, yaani ghala la mtandaoni ambalo mfumo huchukulia programu zake.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji

Linux Mint huja na Xreader, na Ubuntu 24.04 huja na Evince. Kwa kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania au mitihani ya miaka iliyopita, hizo zinatosha kabisa.

Wengi wanaoniletea mashine wana shida moja. Wakifungua fomu, wanakuta ukurasa wenye maneno "Please wait..." na hata wakisubiri mpaka jioni hakuna kinachobadilika. Fomu ya namna hiyo imetengenezwa kwa teknolojia iitwayo XFA, na visomaji vingi vya Linux haviielewi. Kabla hujagusa bando, ifungue kwa Firefox, maana tangu toleo la 93 la Oktoba 2021 kivinjari hicho kinaweza kuonyesha na kujaza fomu za XFA. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open With, kisha Firefox. Ikifunguka, huna haja ya kuendelea na mwongozo huu.

Kuna watakaokushauri uweke Adobe Reader. Nakusihi usifanye hivyo. Adobe iliacha kuitengenezea Linux zamani. Toleo la mwisho, 9.5.5, ni la mwaka 2013, na matundu ya usalama yaliyogunduliwa baada ya hapo hayajazibwa. PDF yenye hila ni njia ya kawaida ya kuingilia kompyuta za watu, na mashine ya steshenari inapokea flashi za kila mtu.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri (Ctrl+Alt+T), uandike:

`dpkg --print-architecture`

Ikijibu `amd64`, yaani mfumo wa biti 64, endelea. Ikijibu `i386`, mfumo wako ni wa biti 32 na faili la amd64 litakataliwa. Kwenye kompyuta za mitumba hili hutokea hata pale prosesa yenyewe inapoweza biti 64. Andika `lscpu` uangalie mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiona 64-bit imetajwa, dawa ni kuweka upya mfumo wa biti 64, maana hakuna kisomaji kitakachokuondolea tatizo hilo.

Hatua ya 3: Pakua kwa mwenyewe

Nenda code-industry.net, tovuti ya watengenezaji, uchukue .deb ya amd64. Achana na tovuti zinazokusanya programu za watu. Mtandao ukiwa wa kukatikakatika, nakili kiungo cha faili kisha utumie:

`wget -c kiungo`

Hiyo `-c` ndiyo inayookoa pesa: ukikatika katikati, rudia amri ileile na upakuaji utaendelea ulipoishia, mradi seva inaruhusu.

Hatua ya 4: Sakinisha, ukisoma kabla ya kukubali

Ingia kwenye folda lenye faili hilo:

`cd ~/Downloads`

Kisha andika herufi za mwanzo za jina la faili na ubonyeze Tab ili terminali ikumalizie:

`sudo apt install ./master-pdf-editor...deb`

Usisahau `./`. Bila hiyo, apt huenda kutafuta jina hilo kwenye hazina ya Ubuntu na kukuambia halipo, ilhali faili liko mbele yako. Ukiandika paswedi huenda usione hata nyota (Mint kwa kawaida huzionyesha). Inaingia, maliza tu kuandika ubonyeze Enter.

Kama kuna vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi) vinavyokosekana, apt itasimama ikusubiri. Hapo tulia, utafute mstari unaoanza na "Need to get". Utaona namba mbili zimetengwa kwa mkwaju (/). Ya kwanza ndiyo itakayopakuliwa mtandaoni. Ya pili ni jumla, pamoja na faili ulilonalo tayari. Linganisha ile ya kwanza na bando lako. Ikizidi, bonyeza n, hakuna kilichoharibika.

Mwishoni huenda ukaona onyo refu linalotaja "unsandboxed as root" na "_apt". Linawatisha watu bure. Maana yake ni kwamba apt ililisoma faili kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) kwa sababu mtumiaji wake maalumu haruhusiwi kuingia kwenye folda lako la nyumbani. Programu imeshaingia.

Hatua ya 5: Jaribu

Jaza fomu ya mfano, uihifadhi, kisha uifungue tena uikague. Toleo lisilolipiwa huweka alama yake juu ya kurasa ulizohariri, na si vizuri kuigundua alama hiyo baada ya nyaraka kufika ofisini kwa watu. Kama ni kazi ya kila siku ya ofisi, nunua leseni. Kama ni kusoma na kuandika maoni pembeni tu, Okular iliyomo kwenye hazina ya Ubuntu ni bora na ni bure.

Hatua ya 6: Peleka kwenye mashine nyingine

Kwenye kompyuta ya kwanza, *kabla* ya kusakinisha, tumia:

`sudo apt-get install --download-only ./master-pdf-editor...deb`

Vitegemezi vitabaki `/var/cache/apt/archives`. Vinakili kwenye flashi pamoja na faili kuu, kwenye folda moja lisilo na kitu kingine. Kwenye kompyuta ya pili, fungua terminali ndani ya folda hilo:

`sudo apt install ./*.deb`

Sharti ni moja: mashine zote ziwe na toleo lilelile la mfumo. Vitegemezi vya Ubuntu 22.04 usivipeleke kwenye 24.04.

Programu iliyoingia kwa njia hii haisasishwi na `sudo apt upgrade`, isipokuwa mtengenezaji awe ameongeza hazina yake. Kwa hiyo pitia tovuti yake mara kwa mara, na toleo jipya likitoka lisakinishe juu ya la zamani kwa amri ileile ya hatua ya 4. Ukitaka kuiondoa, pata jina lake kwa `dpkg -l | grep -i pdf`, kisha `sudo apt remove` na jina hilo.