Kutafuta ukoo wa mama wa nguruwe wa kienyeji: kutoka bandani Kasulu hadi kwenye kompyuta

Nguruwe wa kienyeji wa huku Buha, mkoani Kigoma, ukimwona unamjua: mweusi au mwenye mabaka, pua ndefu, mgongo mwembamba, na mbio anazo. Wanazidi kupungua. Kasulu, Buhigwe, Kibondo, kila mwenye banda anataka mweupe, kwa sababu mweupe ananenepa upesi na wenye vibanda vya kitimoto wanampenda. Mwongozo huu ni wa afisa mifugo, mwanafunzi au mfugaji anayetaka kujua hao weusi waliobaki wametokana na koo ngapi za mama.

Tuelewane kwanza tunatafuta nini. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zina DNA yao wenyewe, yaani maandishi ya urithi: duara dogo la herufi kama 16,600 hivi kwa nguruwe. Mnyama huirithi kwa mama yake tu. Dume hata akipanda majike wa kata nzima, hapo haachi kitu. Rangi ya mwili nayo haimo humo, na wengi ndipo wanapoteleza. Nguruwe mweusi tii anaweza kuwa na bibi wa Large White (aina ya nguruwe weupe wa kizungu) aliyesahaulika, na mweupe mwenye masikio ya kizungu akawa amebeba ukoo wa kienyeji mtupu. Kwa hiyo usichague sampuli kwa macho.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujang'oa unywele

Barua ya halmashauri na salamu kwa mtendaji wa kijiji ni lazima, sitarefusha hapo. Kazi yenyewe inaanzia kwa mama mwenye banda, kwa sababu mara nyingi ndiye anayejua nani alizaliwa na nani. Baba atakutajia bei, mama atakutajia kizazi. Shikamoo kwanza, kaa kwenye kigoda utakachopewa, halafu uliza: huyu jike ulimpata wapi? Mama yake alikuwa wa nani? Huyo naye alitoka kijiji gani? Rudi nyuma hadi atakaposema "hapo sasa sijui", uandike hivyohivyo.

Unauliza yote hayo kwa sababu majike huku wanatembea kuliko unavyodhani. Kuna mtindo wa kopa nguruwe lipa nguruwe: unapewa mtamba, akizaa unarudisha mtoto, naye anakwenda kwa jirani. Mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na uzao mmoja ni watoto wengi, basi jike mmoja aliyeletwa na mradi anaweza kuzagaza ukoo wake kijiji kizima kwa miaka michache. Msimu wangu wa kwanza nilichukua sampuli 12 kitongoji kimoja nikijiona nimefanya kazi. Majibu yakaja: zote herufi kwa herufi sawa. Nilikuwa nimempima bibi mmoja mara kumi na mbili. Siku hizi nachukua nguruwe mmoja kwa kila ukoo wa mama ninaotajiwa, wala sizidishi wawili kwa kitongoji kama habari zao zinafanana.

Dume la kuazima linalolipwa kwa mtoto mmoja wa uzao liandike pia. Halikusaidii kwenye mitokondria, ila siku ukitaka kusoma kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba, utajishukuru.

Hatua ya 2: Nywele, na viatu vyako

Damu si lazima. Nywele ngumu za mgongoni, juu ya mabega, zinatosha. Mwekee pumba, subiri ainamishe kichwa, shika nywele chache kwa koleo karibu na ngozi, vuta mara moja. Angalia ncha: ukiona kishina cheupe, umepata. Bila kishina, rudia. Chukua kama 20 hadi 30 kwa kila mnyama. Futa koleo kwa spiriti, vaa glavu mpya, ndipo uende kwa mwingine.

Sasa viatu. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na wewe unayezunguka banda hadi banda ndiye gari lake zuri kuliko yote. Osha buti kwa brashi na sabuni hadi tope liishe, halafu dawa ya kuua vijidudu, kila kaya. Ukisikia nguruwe wanakufa kijijini, geuza pikipiki, sampuli zitasubiri. Na pale ngiri wanapofika karibu na mabanda kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu ngiri na papasi hukaa na virusi hivyo bila wao kuugua.

Hatua ya 3: Bahasha ya karatasi

Usitumie mfuko wa nailoni. Unyevu unabaki ndani, ukungu unaingia, DNA inaoza. Weka nywele kwenye bahasha ya karatasi, andika kwa penseli (wino ukiguswa na spiriti unakimbia), kisha panga bahasha kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Mimi huenda kati ya Juni na Septemba. Masika ya Kigoma yatakulowesha wewe na bahasha zako.

Ukishuka mjini na mzigo, uwe na adabu. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na dereva wa bodaboda ana haki ya kujua amebeba nini. Mwambie mapema. Aliyekataa kunibeba alinitafutia mwenzake.

Hatua ya 4: Maabara

Hii utaifanya pamoja na maabara yenye vifaa, kwa mfano chuo kikuu kama SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Morogoro. Kata vishina vinane hadi kumi, viloweke kwenye proteinezi K (kimeng'enya kinachoyeyusha protini) katika nyuzijoto 56 usiku kucha, safisha DNA, kisha ikuze kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Eneo la kulenga ni D-loop, sehemu ya mitokondria inayobadilika haraka kuliko nyingine. Nguruwe ana kioja chake hapo katikati: herufi kumi, CGTGCGTACA, zinarudiwa tena na tena, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya wanyama. Mashine ya kusoma ikifika hapo hujikwaa. Soma kipande cha kabla ya marudio, herufi kama 600 hivi.

Kila mzunguko weka kichupa kimoja kisicho na DNA. Kikitoa jibu, ujue DNA ya kwingine imeingia, tupa zote. Mara moja changu kilitoa, na kisa kilikuwa mkasi niliosahau kuufuta.

Hatua ya 5: Kusoma

Pakua mfuatano wa rejea wa nguruwe, NC_000845, kutoka GenBank, hazina ya DNA iliyoko mtandaoni. Ni bure. Upange sambamba na yako kwenye programu ya MEGA, kata ncha chafu, halafu hesabu aina tofauti ulizonazo. Kwenye mchoro wa mashine kila herufi ni kilele kimoja; palipo na vilele viwili mahali pamoja usibahatishe herufi: inawezekana sampuli imechanganyika, au umenasa kipande cha mitokondria kilichohamia zamani kwenye kiini cha seli. Rudia PCR.

Hatua ya 6: Kutafsiri

Koo za mama za nguruwe wa dunia zina matawi mawili makubwa, la Ulaya na la Asia. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta alama za Asia kwa nguruwe wa Afrika Mashariki, huku wa Afrika Magharibi wakielekea zaidi Ulaya. Ukikuta tawi la Asia Buhigwe, usiruke kusema waliletwa na majahazi. Karne ya 18 na ya 19 Waingereza waliingiza nguruwe wa China na kuwachanganya na wao, kwa hiyo hata Large White wa leo anaweza kubeba mama wa Kichina. Dawa yake ni kuchukua pia sampuli za weupe wa hapohapo wilayani. Aina inayoonekana kwa weusi wenye historia ndefu ya kijiji na isiyoonekana kabisa kwa weupe, hiyo ndiyo ya kukimbilia: majike wake wasichinjwe kabla hawajaacha mitamba.

Hatua ya 7: Rudisha majibu

Mimi huchora ramani ya kijiji kwenye karatasi ya manila na kumpa kila ukoo rangi yake. Mara ya mwisho, mama mmoja aliitazama, akaona mabanda matano ya rangi ya bluu, akacheka. "Hao ni wa mradi, mwanangu, si nilikwambia?" Nilirudi kwenye daftari langu. Kweli alikuwa amesema, na mimi sikuandika.