Unataka kumsoma Cicero, yule mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale? Anzia hapa

Kwanza usianze na hotuba aisee, zile za mwaka 63 KK za kumshambulia mpinzani wake Catilina ni tamu ila majina kibao utachoka mapema. Anza na kitabu chake cha urafiki, alikiandika 44 KK, kifupi tu. Halafu ingia kwenye barua alizomwandikia rafiki yake Atticus, hapo ndo utamjua vizuri, analalamika, anaogopa, anajisifu (anajisifu sana jamani), hata Petrarca, mshairi wa Italia, alivyozikuta Verona 1345 alimwandikia Cicero barua ya kumlaumu, na marehemu alishakufa karne nyingi! De Officiis, kitabu chake cha wajibu, iache mwisho, kamwandikia mwanae aliyekuwa anasoma Athens. Na usome kwa sauti, sentensi zake ndefu zinataka sikio.