Kusoma CT skani ya vena za ubongo: upande wa kushoto usikudanganye

Juzi usiku nilikaa na daktari wa mafunzo kwa vitendo tukisoma picha za mama wa Mbagala, wiki mbili tangu ajifungue. Kichwa kilimuuma siku tano, kisha akashikwa na kifafa. Tulikuwa tukitafuta damu iliyoganda kwenye vena za ubongo, na nilichomweleza ni hiki.

Hatua ya 1. Kanula (mrija mdogo wa mshipani) ya kijani, mkunjo wa kiwiko. Mgongo wa kiganja sikubali.

Hatua ya 2. Piga bila dawa ya kung'arisha mishipa kwanza, halafu na dawa, kama sekunde 45 tangu ianze kusukumwa. Ukiwahi, utapata ateri tu.

Hatua ya 3. Kwenye picha isiyo na dawa, tafuta mfereji wa vena, yaani njia pana inayotoa damu kwenye ubongo, uliong'aa kupita kiasi. Ulinganishe na ateri. Zikiwa zimeng'aa zote, huenda ni damu nzito ya mtu aliyepungukiwa maji, na joto letu la Dar linachangia.

Hatua ya 4. Kwenye picha yenye dawa, fuata damu inakokwenda: utosini, kisogoni, kulia na kushoto, nyuma ya masikio, hadi vena kubwa za shingo. Pembetatu yenye kingo angavu na katikati nyeusi ni damu iliyoganda.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipopoteza saa nne mwaka wangu wa kwanza, nikaandika "damu imeganda" kwa mtu mzima wa afya. Mfereji wa kushoto wa kisogoni kwa watu wengi huwa mwembamba tangu kuzaliwa. Angalia mfupa: tundu inamotokea vena ya shingo likiwa dogo upande uleule, yaelekea ni maumbile. Likiwa pana na mfereji hauna dawa, shuku. Lakini tundu dogo halikupi ruhusa ya kulala, maana hata mfereji mwembamba huziba. Rudi hatua ya 3. Kidoa cha mviringo chenye kingo safi, cheusi kama maji ya ubongo, mara nyingi ni cha kawaida. MRI (picha ya sumaku) ya vena isiyo na dawa siitegemei peke yake, kwa sababu damu inayokwenda polepole hupotea pichani. Na tafadhali, soma vipande vyembamba kimoja kimoja kabla ya kufungua ile picha nzuri ya kuzungusha. Inaficha mabonge ya damu.

Yule mama, tundu la kushoto lilikuwa pana sawa na la kulia, na mfereji hauna dawa. Tulipiga simu wodini kabla ya kuandika ripoti.