Mbwa wa kutuliza mutoto wakati wa sindano: namna ya kufanya hapa Goma

Kule Marekani na Kanada kuko lopitali za batoto zenye zinaingiza mbwa mpaka ku kitanda, mutoto anamupapasa wakati banamutoa damu, na moyo unatulia kidogo juu akili haibakie ku sindano tu. Haikuanza jana: Boris Levinson, mutu wa saikoloji kule New York, aliandika juu yake mu 1962, kisha kuona namna mutoto mwenye alikuwa anajifunga alifungukia mbwa wake Jingles.

Sasa wewe wa Himbi ao Ndosho, usibebe tu mbwa wa parsele. Ule mwenye anabweka usiku muzima, kazi yake ni kutisha bezi, asubuhi hawezi kugeuka munganga. Tafuta mwenye amekomaa, haruki ku batu, pikipiki zikipita hashtuki. Angusha sahani ya bati nyuma yake: akigeuka, akaangalia, akaendelea na mambo yake, huyo ni muzuri. Akificha mukia, mwache ku nyumba. Chanjo ya raje ni lazima, na karte yake ubebe, juu kichaa cha mbwa kingali kinaua batu huku kwetu. Umuoshe, umukate makucha, umupe dawa ya minyoo.

Mbele ya siku yenyewe uongee na mukubwa wa sentre ya afya, na mama, na mutoto mwenyewe. Batoto bengi hapa banajua mbwa wa kutupia mawe tu, kwa hiyo akikataa, imeisha, usimulazimishe. Mwenye kuungua moto, mwenye kidonda wazi, mwenye aleriji ao kinga ya mwili imeshuka, hapana.

Mbwa afike mbele ya sindano, si wakati mutoto ameshalia. Mikono na sabuni, mbele na kisha. Mutoto akae wima ku magoti ya mama, mbwa upande wa mukono wenye habatachoma, mwenye mbwa ashike kamba muda wote. Halafu muulize mutoto: masikio yake ni laini ao ngumu? Anapumua mara ngapi? Yeye anahesabu, amfirmiye anachoma. Na usimudanganye eti haitauma, mwambie itauma kidogo na itaisha.

Mbwa akianza kupiga miayo, kujilamba midomo, kugeuza uso, amechoka, toka naye. Akiuma ao kukwaruza mutu: sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, na muulize chanjo siku ile ile, hata kama karte iko.

Hauna mbwa? Bengi hatuna. Mutoto wa kunyonya, mupe ziwa mbele kidogo ya sindano na uendelee mpaka imalizike, OMS, shirika la afya la dunia, inashauri vile tangu 2015. Mukubwa kidogo apulize pumzi polepole ao aangalie video ku telefone. Na kama ni chanjo mbili siku moja, uombe yenye inauma zaidi ikuwe ya mwisho.